Saa tisa alasiri: kisa cha mpishi wa Malindi aliyeacha pombe, saa zake zikabaki

Kabla ya kisa

Mwenye kisa nimemsomea maandishi haya na amekubali yatoke. Jina nimebadilisha, hoteli siitaji, mtaa siutaji, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza makusudi ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Tumwite Karisa. Mimi nashauri watu wanaoacha pombe hapa Malindi, huu ni mwaka wangu wa nane, na mwenyewe niliacha kabla sijaanza kazi hii. Nakiandika kwa sababu kosa kubwa lililomo lilikuwa langu si lake, na naona wenzangu wanalirudia kila siku: tunamuuliza mtu unakunywa saa ngapi, tunampangia kitu kingine cha kufanya hiyo saa, basi, tunasahau kumuuliza ile saa ilikuwa inamfanyia kazi gani.

Karisa na saa zake

Karisa ana miaka arobaini na kitu, ni mpishi kwenye hoteli ya ufuoni. Mkewe anauza mahamri na mbaazi asubuhi hapo kibarazani kwao, watoto watatu, wawili wako sekondari. Mnazi, yaani pombe inayogemwa kwenye mti wa nazi, alianza kuuonja kwa babu yake, na huku kwetu hilo si la kushangaza, mnazi ni wa mahari, wa matanga, wa kumwagia koma, yaani mizimu ya wazee, mtoto anakua akiuona. Shida ya kweli ilianza na shifti.

Wapishi wa hoteli wataielewa hii. Unaingia saa mbili asubuhi, lanchi inaisha unatoka saa tisa alasiri, halafu unatakiwa urudi saa kumi na mbili kwa chakula cha usiku mpaka saa nne na kitu. Yale masaa matatu ya katikati si yako na si ya hoteli, nyumbani ukienda nauli inauma, pa kulala hakuna. Karisa na wenzake wawili wakazoea mangwe moja, yaani kilabu cha mnazi, nje kidogo ya mji. Na mnazi ukishateremshwa haukai, unaanza kuchacha hapo hapo, kwa hivo ule wa asubuhi ukija kunywewa saa tisa na nusu sio mtamu tena, ni mkali, na anarudi jikoni kwenye mafuta ya moto akiwa hivo.

Saa ya pili ilikuwa saa nne na nusu usiku. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu wanaita sheria ya Mututho, inataka baa zifungue saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku siku za kazi, wikendi na sikukuu zinaanza saa nane mchana. Siipingi, imesaidia nyumba nyingi. Lakini kwa mtu anayetoka kazini saa nne na nusu maana yake ana nusu saa tu, na Karisa akajifunza kuinywa hiyo nusu saa kama mtu anayefukuzwa, bia akaona inamchelewesha, akahamia vikali, kachupa kadogo kanaisha kabla hajakaa vizuri. Asubuhi mikono inatetemeka, anatafuta ya kutoa loki, yaani ya kuondoa uchovu wa pombe ya jana, ndo aweze kushika kisu.

Saa ya tatu ni Jumatatu, siku yake ya ofu, na hiyo hata sio saa, ni siku nzima.

Alivyoacha

Mara ya kwanza alijaribu peke yake nyumbani, kimya kimya. Siku ya pili akaanguka mbele ya watoto, mwili mzima unatetemeka kama mwenye kifafa, meno yameumana. Niseme hapa wazi maana watu wanapoteza ndugu zao hivi: mtu anayekunywa sana kila siku kwa miaka asikatishwe ghafla nyumbani akaambiwa vumilia. Mitetemo huanza ndani ya siku ya kwanza tangu chupa ya mwisho, kuanguka kwa kifafa huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza, na kule kuona vitu visivyokuwepo na kupotewa na akili huweza kuja siku ya pili mpaka ya nne, na kunaua. Hospitali kwanza, ushauri baadaye.

Mara hii ya pili alimwagikiwa na mafuta mkononi saa nane na nusu mchana, akiwa anasubiri kutoka. Mkewe ndiye aliyepiga 1192, ile simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, akaambiwa wampeleke hospitali. Akalazwa siku tano, akapewa dawa ya kutuliza ikawa inapunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Kwangu alifika siku ya 9 tangu aache, katikati ya Machi, mwezi wa Ramadhani, mkono bado umefungwa bandeji.

Karatasi za oda

Sikumpa ushauri siku ile. Nilimwomba kwa wiki moja aandike kila kiu inapokuja: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, na kiu yenyewe aipe namba kutoka sufuri hadi 10. Akaandika nyuma ya karatasi za oda za jikoni, zikaja zimelowa mafuta, zingine zinanuka samaki, tukazitandaza mezani.

Sisi sote watatu, mimi, yeye, mkewe, tulikuwa tunaamini saa mbaya ni saa tisa na nusu. Karatasi zikakataa. Kiu ilikuwa inaanza saa nane na dakika arobaini akiwa bado jikoni, visu vimeshaoshwa, anapangusa meza ya chuma. Saa tisa kamili anapofungua aproni imefika 9. Saa tisa na nusu, wakati ambao zamani ndo alikuwa anapokea chupa ya kwanza, imeshuka mpaka 6 au 7. Saa kumi na robo mara nyingi hakuandika kitu, alikuwa ameshasahau.

Hili lina maelezo. Sote tumesikia ya Pavlov na mbwa wake, mate yanatoka kabla chakula hakijafika. Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada alienda mbele zaidi akaonyesha kwamba mwili uliozoea kileo au dawa haungoji ifike, ukiona dalili zake tu, mahali, harufu, wakati, unaanza kusukuma upande wa pili ili ujikinge. Kileo kisipokuja, ule msukumo unabaki peke yake, na ndio ile hali ya kutotulia, jasho, hasira za bure. Nilimwambia Karisa kwa lugha yetu: mwili wako unajua saa tisa na nusu kuna mgeni, kwa hivo saa nane na dakika arobaini unaanza kufagia na kutandika mkeka, mgeni asipotokea utanung'unika sana, halafu utakunja mkeka. Akacheka, mara ya kwanza kumuona anacheka. Akaniuliza, "Kwa hivo kaka, sihitaji kushinda mchana wote?" Nikamwambia hapana, ni kama saa moja na nusu, na kilele chake kinafika ukiwa bado ndani ya geti.

Mpango wa kwanza na sababu zake

Kwanza chakula. Karisa alikuwa anapikia watu mia na yeye hali, mpishi akishaonja onja anaona ameshiba, kumbe kiu ya saa tisa nusu yake ilikuwa njaa. Tukakubaliana saa nane anakaa chini na sahani, wali na maharagwe au chochote cha wafanyakazi, anakula mpaka mwisho.

Pili, kutoka getini. Mangwe iko mkono wa kushoto ukitoka. Mpwa wake ana bodaboda, akawa anamsubiri getini saa tisa kasoro dakika tano, sio saa tisa na nusu, hiyo ndo faida ya zile karatasi. Nauli mkewe alisema atalipa kwa mahamri, maana nyumbani kazi ilikuwa inamsubiri: kukuna nazi, kukanda unga wa kesho, kuchagua mbaazi za kuloweka. Mimi sikuwa nimewaza hilo, ni la mama mwenyewe, alisema, "Mikono yake ikiwa ndani ya unga haiwezi kushika chupa." Karisa akaona raha kwa sababu anakanda kuliko mkewe, na wote wawili wanajua.

Tatu, pesa, na hapo tulibishana karibu saa nzima. Mshahara akakubali uende kwa mkewe moja kwa moja kwenye simu, lakini kutembea mfuko mtupu akakataa, mwanaume hawezi kukosa hata ya kumnunulia mtoto pipi. Tukamalizia shilingi 200. Ile bakshishi ya wageni anayopewa mkononi usiku nikaisahau kabisa.

Nne, usiku wa saa nne na nusu. Anatoka na mwenzake anayekaa upande wao, wanapita barabara ya juu, nyumbani anakuta ukwaju wa baridi kwenye jagi. Mwenzake mwingine alimpa wazo la muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, kwamba itamshikilia asubuhi mpaka usiku. Nilikataa na ningekataa tena, Karisa zamani alikuwa anatafuna halafu anakunywa ili apate usingizi, hivo vitu viwili kwake vinashikana mikono. Usingizi wenyewe nilimwambia ukweli, utakuwa mbovu kwa wiki nyingi, usiuone kama dalili kwamba kuacha kumekudhuru.

Jumatatu? Niliandika "kanisa Jumapili, Jumatatu kupumzika." Nikiiangalia hiyo karatasi leo naona aibu, siku nzima ya mtu niliipa neno moja.

Kuna mtu mmoja alimsaidia kuliko sisi wote wiki zile. Ni mwenzake wa jikoni aliyekuwa amefunga, anapika chakula cha watu mchana kutwa bila kuonja, na Karisa akamuuliza anawezaje. Akamjibu kwamba kiu ya saa tisa ndiyo mbaya, ya saa kumi na mbili imeshajua maji yako wapi. Karisa akaniletea hayo maneno kama zawadi, nikayapenda, nikayaandika, na sikuyaelewa. Niliyaelewa mwezi mmoja na nusu baadaye.

Siku ya 41

Mpango ulishika. Kiu ya saa tisa ilishuka 9, 7, 5, wiki ya tano ikawa 3. Jumatatu zilikuwa ngumu, alizipitisha kwa kulala na kwa ukali, watoto wakawa wanamkwepa, lakini hakunywa. Nilishaanza kumsimulia kwa wengine, bila jina, kama mfano.

Halafu Pasaka ikapita, wageni wakaondoka, kusi ikaingia, bahari ikachafuka, na hoteli ikafanya kama zinavyofanya nyingi za huku msimu ukiisha: ikafunga, wafanyakazi nyumbani bila mshahara mpaka Julai. Siku ya 41.

Kila kitu tulichopanga kilikuwa kimefungwa kwenye saa ya hoteli. Hakuna lanchi, hakuna geti, hakuna mpwa anayesubiri, hakuna saa tisa. Mimi nikajidanganya kwamba ni nafuu, mahali pa vishawishi pamefungwa. Kiu ikaanza kumjia saa tatu asubuhi, saa ambayo tangu ajuane na pombe hajawahi kuinywa kwa hamu, zaidi ya kutoa loki. Alinipigia siku ya 43 akaniambia "kaka, saa zimechanganyika", nikamwambia avumilie, akae na familia, ninaandika hili kwa uchungu kwa sababu alikuwa ananieleza tatizo lote kwa maneno matatu.

Siku ya 46, saa tano asubuhi, alienda kumsalimia binamu yake anapoteremshiwa samaki, akakuta mnazi, akanywa chupa tatu. Hakurudi kwangu. Siku mbili alijifungia ndani, mkewe akamtuma mtoto aje aniite.

Mkeka chini ya mwarobaini

Nilimkuta amekaa uani, hataki kunitazama. Kwa nini umekunywa sikumuuliza. Nilimwomba anisimulie asubuhi ile tangu alipoamka, polepole, kitu kimoja kimoja.

Aliamka saa kumi na moja kama siku zote. Akamsaidia mke kukaanga. Wateja wakaja, mpaka saa tatu mahamri yameisha. Akaosha karai, akapangusa meza. "Halafu kaka," akasema, "nikaona nimemaliza."

Nikamuuliza ulijisikiaje uliposema umemaliza. Akanyamaza muda mrefu. Akaanza kunielezea baba yake, kibarua wa mashamba, anarudi jioni na uso umekunjwa, hakuna mtoto anayemsogelea, mpaka chupa iwekwe chini na afungue ule mdomo wa chupa, hapo ndo anauliza mmeshindaje. "Kwetu kazi ilikuwa haiishi jua likizama. Inaisha chupa ikifunguliwa."

Tukazitoa tena karatasi za oda, mkewe alikuwa amezihifadhi kwenye kopo. Safari hii hatukuangalia saa, tuliangalia alikuwa anafanya nini. Kupangusa meza. Kufungua aproni. Kufunga stoo. Kuhesabu bakshishi. Siku aliyolipa karo ya mtoto, Jumatano, saa nne asubuhi, kiu 8, na sikuwa nimeiona kwa sababu haikuwa kwenye saa zangu tatu. Kila palipokuwa na namba kubwa palikuwa na kitu kimeisha. Pombe kwake ilikuwa ndio ruhusa ya kuweka mikono chini. Na mtu aliyefutiwa kazi kwa miezi miwili ni mtu ambaye amemaliza kutwa nzima.

Hapo ndo nikaelewa yale maneno ya yule aliyefunga. Yeye hakuwa na mchana rahisi kuliko Karisa. Alikuwa na kitu kinachomaliza mchana wake, tende na maji vinamsubiri, anajua mwisho ukifika utaonekana. Mimi nilimpa Karisa kazi za kujaza saa, unga, nazi, mbaazi, mwisho wa kazi sikumpa.

Mpango wa pili

Huu aliutunga mwenyewe, mimi niliuliza maswali tu. Kazi yoyote ikiisha, kubwa au ndogo, anaoga. Sio kunawa, anaoga. Anavaa kikoi, anaketi mahali pake chini ya mwarobaini, anakata dafu kwa panga lake, na anamwambia mtu kwa mdomo, "Nimefunga." Kama hakuna mtu ananitumia meseji, neno hilo moja. Kwa nini dafu nikamuuliza, akaniambia mti ni ule ule, lakini karara likishagemwa halizai nazi, kwa hivo kila dafu analokunywa ni karara ambalo halikugemwa. Sikuwa na la kuongeza.

Miezi ile ya kusi tukaipa kazi zenye mwisho. Mahamri yakaongezwa, akawa anapeleka mengine kwa tukutuku stendi, anafunga saa tano, anaoga. Jumatatu zikapewa kazi moja na jina lake: Jumatatu ya kurekebisha paa, Jumatatu ya kwenda kwa mama yake. Ijumaa jioni kikundi chetu, watu saba nane, tunakaa tunazungumza.

Julai hoteli ilipofungua hatukurudi kwenye mpango wa zamani. Alianza kuoga bafu la wafanyakazi saa tisa kabla ya kutoka getini, anabadilisha shati, wenzake wakamcheka, ati anaenda kuoa. Baada ya mwezi mmoja, mwenzake mmoja akaanza kuoga pia, sijui kwa nini, sikumuuliza.

Yuko wapi sasa

Ninapoandika ni mwezi wa kumi tangu aje kwangu. Amekunywa mara moja tena, mwishoni mwa Disemba, wageni wamejaa, akapewa bakshishi kubwa usiku mmoja akazihesabu barabarani, vikali nusu saa kama zamani. Lakini safari hii hakujificha, alfajiri nilikuta meseji: "Jana sikufunga, nilifunguka." Tukakaa siku hiyo hiyo, na sasa bakshishi zinaingia kopo la jikoni, anazihesabu nyumbani baada ya kuoga.

Usingizi ulirudi mwezi wa tatu tangu aache. Kiu ya saa tisa ni 2, siku nyingine hakuna. Jumatatu bado 5. Barabara ya mangwe hajapita mpaka leo na sijamhimiza.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kuandika kiu kwa wiki nzima kabla ya kupanga chochote kulifaa kuliko kitu kingine chote, na bila hivyo tungemtuma mpwa na bodaboda nusu saa baada ya vita kwisha. Kula saa nane kulifaa haraka, siku tatu tu namba zilishuka. Unga ulifaa kwa sababu ni kazi anayoijua na anayoheshimiwa kwayo, nimejaribu kuwapa wengine "shughuli" za kuzuga tu, zinashindwa, mtu anajua anapotezewa muda.

Kilichoshindwa ni kuufunga mpango mzima kwenye saa ambayo sio yake. Huku pwani kazi nyingi zina msimu, hoteli, mashua za wageni, hata uvuvi wenyewe unafuata kusi na kaskazi, na mimi nimezaliwa hapa, nilipaswa Machi ile ile nimuulize Aprili kutakuwa na nini. Pili nilisoma karatasi kwa jicho moja. Safu ya "unafanya nini" ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mimi nikasoma saa tu kwa sababu saa ndo niliyokuwa naitafuta. Na siku ya 43 mtu alipiga simu, nikampa neno "vumilia". Sikumtembelea, na ilikuwa mwendo wa dakika ishirini.

Sidhani kila mtu kiu yake iko kwenye kumaliza kazi. Nina mama mmoja ambaye saa yake ni watoto wakishalala, na tulipochimba tukakuta kwake ni upweke, kuoga na dafu visingemfaa kitu. Ndo maana sitoi mpango wa Karisa kama dawa, naomba tu swali liulizwe, na liulizwe mapema.

Msimu huu hoteli inatarajiwa kufunga tena baada ya Pasaka. Wiki iliyopita alikuja na karatasi, ya oda kama kawaida, ameshaandika wiki zote mpaka Julai, kila siku kazi moja na pembeni yake saa ya kufunga. Jumatatu ya kwanza ya Mei ameiacha wazi, akaniambia hiyo nije mimi, tukate madafu.